Wazee wa Ibra walihesabu kura za wanawake niliowaosha kwa mikono yangu

Assalaam alaykum wakuu. Nimeambiwa humu kila mtu ni mkuu, basi na iwe hivyo, ingawa wengi wenu nakuzidini umri na shikamoo zangu mnazo nyinyi.

Haya ninayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika. Skuli nilifika darasa la nne tu, kule Unguja, kwa hiyo mkiona nimekosea kuandika someni hivyo hivyo.

Naishi Ibra, Oman. Nilikuja na marehemu mume wangu, Bwana Abdalla, mtoto mmoja mgongoni na mwengine tumboni. Yule wa mgongoni ndiye Salim, leo ana mvi kichwa kizima. Wa tumboni ni Nasser. Mume wangu asili yake hapa hapa Ibra. Mie watu wa baba yangu ni wa Sur, huko pwani.

Kwa walio Dar na Mombasa: huku kila wilaya inachagua mtu wake wa kwenda kukaa kwenye Majlis ya Shura, Maskati. Ibra wanachagua wao, Sur wao, Nizwa wao. Uchaguzi unakuja, siku yenyewe bado. Kwa hiyo msiniulize nani kashinda.

Na kura siku hizi inapigwa kwa simu.

Ndiyo, kwa simu. Una app, unaigusisha kadi yako ya uraia nyuma ya simu, simu inaisoma, halafu inakutazama uso. Juzijuzi nilipoijaribu mara ya kwanza nilisema Subhanallah mpaka wajukuu wakanicheka.

Wacha wacheke. Mie cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho. Mama yangu alikuwa akisema tu nilizaliwa mwaka wa mvua nyingi, karafuu zikaozea majamvini. Leo kioo kidogo kinanitazama na kusema, naam, huyu ndiye. Hilo peke yake lingenitosha kuandika uzi.

Lakini nilichokuja kueleza ni chengine.

Ijumaa moja tumekaa tunakula, sinia la wali na samaki katikati. Mjukuu wangu Thuraya, binti wa Nasser, akafuta mkono akasema, "Bibi, nataka kugombea Shura."

Salim, ami yake, tonge likamsimama mkononi.

"Kugombea nini?"

"Shura, ami."

"Shura hii hii?"

"Kwani kuna nyengine?"

Nasser, baba yake, akasema, "Mwacheni mtoto amalize kula." Mtoto mwenyewe ana watoto wawili, anasomesha biolojia skuli ya wasichana.

Salim akamuuliza atakwenda kufanya nini huko. Thuraya akamwambia kila mwaka ana wasichana wa badia, huko kwenye mchanga, wanapasi vizuri kuliko wa mjini, halafu wanakaa nyumbani kwa sababu hakuna basi la kuwapeleka chuo na kuwarudisha. Alisema, "Nimechoka kuwapa mkono wa hongera, halafu mwakani nawakuta wanachunga mbuzi na cheti kimo kabatini."

Si mtu mbaya Salim. Alikuwa anaogopa sabla.

Sabla ni baraza la wanaume wa kabila. Jumba refu lenye zulia na mito ya kuegemea, kahawa haikatiki. Humo ndimo harusi hupangwa, misiba hupokewa na magomvi hupatanishwa. Sheria ya nchi haimkatazi mtu yeyote kugombea, mume wala mke. Lakini mazoea ya hapa, kabla ya uchaguzi wazee hukaa sablani wakakubaliana mtu mmoja, ili kura za jamaa zisigawike. Na safari hii walikwishakubaliana. Bwana Humaid.

Bwana Humaid sina neno baya juu yake. Mume wangu alipofariki, yeye alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Thuraya alikwishajiandikisha kugombea, lakini muda wa kutoa jina, yaani kujiondoa, ulikuwa bado upo, siku chache tu. Akatuambia pale pale kwenye sinia, "Wazee wakikataa nitatoa jina langu. Sitaki jamaa wagombane kwa ajili yangu."

Nilimtazama. Aliyasema hayo huku anatengeneza mtandio wake.

Siku ya pili Salim akaitwa sablani. Aliporudi alikaa kwenye ngazi bila ya kuvua viatu.

"Wamesemaje?" nikamuuliza.

"Wamesema mwambie mtoto asijiaibishe. Hesabu wanayo. Nyumba zote zimeshamwahidi Humaid." Akatoa simu. Walimwacha apige picha kurasa za daftari lao ili Thuraya aone mwenyewe.

Thuraya akaanza kusoma kwa sauti, maana mie macho yangu na maandishi madogo hayapatani.

"Nyumba ya Sheikh Saif. Saif, Khalid, Badar, Yusuf. Ahli sita."

"Ahli ndio nani?" Nilikuwa najua. Nilitaka Salim aseme.

"Watu wa ndani, mama. Wanawake."

"Majina yao?"

"Mama nawe! Unajua majina hayatajwi sablani."

Najua, wakuu, na naomba nyinyi vijana msianze kutukana humu. Huku mwanamume hamtaji mkewe wala mama yake mbele ya wanaume wengine. Atasema watu wangu, jamaa zangu, mama Salim. Kwao ni heshima, ni kama kufunika chakula. Bwana Abdalla wangu, Mungu amrehemu, mbele za watu hakunitaja kwa jina hata siku moja, na tukiwa wawili alikuwa akiniita kwa jina langu mpaka nikaona haya. Kwa hiyo mie desturi hiyo siibezi.

Lakini sita?

Nikaanza kuwahesabu kwa vidole. Nyumba ya Sheikh Saif naijua, nimekunywa kahawa humo tangu sakafu ni udongo. Zuwena, mkewe. Rahma na Maryam, binti zake. Asila, mke wa mwanawe Khalid. Wanne.

Nikarudia. Wanne.

Badar na Yusuf hawajaoa. Hao wawili wanatoka wapi?

Halafu, wakuu, nikaweka kikombe chini.

Bi Sharifa, mama yake Saif. Na Bi Nunu, shangazi yake.

Mie ndiye ninayeosha maiti wa kike mtaani kwetu, tangu alipofariki Bi Zamzam aliyenifundisha. Bi Sharifa nilimwosha. Bi Nunu nilimwosha, nikamsuka nywele mikia mitatu, nikamfunga sanda kwa mikono hii. Na wote wawili wamo kwenye daftari, wamemwahidi Humaid kura.

"Endelea," nikamwambia Thuraya.

Akaendelea. Nyumba baada ya nyumba. Huku ahli watatu, nami namjua mmoja tu aliye hai. Kule ahli wawili, nami nawajua watano, binti wamekua. Mtoto wa kike akiolewa Sur bado yumo. Bibi akifa bado yumo.

Salim akasema, "Labda wamenakili daftari la uchaguzi uliopita."

Bila shaka. Wanaume walisahihishwa. Mwanamume akifa, jina lake hupigwa mstari. Lakini neno "sita" utalipiga mstari vipi? Utaanzia wapi? Hakuna aliyekusudia ubaya. Hakuna aliyetaja jina, basi hakuna aliyegundua nani kaondoka.

Thuraya alikwishaacha kusoma. Alikuwa ananitazama kama hajapata kuniona.

"Bibi, wewe unawajua wote?"

"Nimjue nani basi kama siwajui hao?"

Alileta laptop. Kwa siku tatu mie nasema, yeye anaandika. Zuwena binti Hamed bin Khalfan. Asila binti Rashid bin Said, ambaye mama yake ni Bi Jokha aliyekuja Ibra na watoto mapacha. Nyumba hadi nyumba, mtaa hadi mtaa. Sijui majina hayo nimeyahifadhi vipi, sijapata kujaribu kuhifadhi. Watu wengine wanajua mashairi. Mie nawajua watu.

Alasiri ya siku ya tatu zamu ya kahawa ilikuwa kwangu. Huku wanawake baada ya sala ya alasiri huzungukiana majumbani, kahawa, tende, halwa na maneno. Nikawaambia, kila mtu atoe simu yake aangalie jina lake liko wilaya gani.

Mwanzo ilikuwa mchezo. Halafu Bi Fatma, jirani yangu wa ukuta mmoja, akapiga ukelele.

"Mie niko Nizwa! Jamani, Nizwa! Nizwa nimekwenda mara mbili, mara moja kununua mbuzi na mara moja kuposa!"

"Na mie Sur."

"Sur? Lakini wewe Zainabu umezaa wote hapa."

"Ndiyo, lakini simu inasema Sur. Watoto ndio wa Ibra, mama yao wa Sur."

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye zulia. Lakini tulikuwa tumeelewa. Wengi wetu sisi tuliotoka Unguja na Pemba, karatasi zetu zilifanywa kule walikotupokea kwanza, kwa jamaa wa baba, na hazikuhamishwa. Tumeishi Ibra umri mzima na kura zetu ziko kwa watu wengine.

Hata mie. Niko Sur. Mie niliyekaa Ibra miaka mingi kuliko baadhi ya mitende.

Muda wa kuhamisha ulikuwa bado haujafungwa. Tukahamisha palepale, Thuraya anapita na simu mkeka hadi mkeka. Wala hakumwambia mtu ampigie kura, hilo nalishuhudia. Mmoja alimwambia, "Mie, mwanangu, kura nitampa Humaid, ni mtoto wa dada yangu." Thuraya akamjibu, "Haya mama, tazama kamera, usicheke." Akamhamisha.

Lakini hayo yote hayakuwa na maana kama kesho Thuraya atatoa jina. Na hiyo kesho ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kujiondoa.

Basi nikavaa leso yangu, nikachukua bakora.

"Mama unakwenda wapi?" Salim huyo.

"Sablani."

"Hawajakuita!"

"Sendi kula. Nipeleke."

Njiani aliniomba mara mbili nirudi. Ya tatu akaacha, akaendesha.

Walikuwa wamekaa, ukuta mzima umejaa. Nilisimama kwenye mlango wa ubavuni nikatoa salamu. Bwana Juma, mzee mwenzetu wa Pemba, akajibu kwa Kiswahili kwa sauti, "Shikamoo bibi! Leo jua limetoka upande gani?"

"Marahaba. Limetoka upande wa jikoni."

Wanaojua Kiswahili wakacheka, wasiojua wakauliza kasemaje. Sheikh Saif, mkubwa wa sabla, akaamuru niletewe kiti. Nikakaa hapo hapo mlangoni, nusu ndani nusu nje. Kiarabu changu ni cha jikoni, lakini kinatosha.

Nikamwambia, "Sheikh, daftari lenu lina makosa."

"Makosa gani, mama Salim?"

Hapo ndipo nilipokwama, wakuu. Nilikuwa nimekuja na moto. Nilitaka kusoma majina yote, moja moja, mbele yao. Halafu nikawatazama. Nimewajua wengine wana kamasi. Nikiwatajia mama zao na wake zao mbele ya kadamnasi, nitawavunjia heshima watu walionipokea nilipokuja na mtoto mgongoni. Na kesho nyumba hizo nitaingiaje?

Nikafikiri kidogo.

"Sitasema kwa sauti," nikasema. "Kila mmoja aje anisogezee sikio. Nitamwambia watu wa nyumba yake. Walio hai kwanza, kisha waliotangulia. Halafu arudi aangalie daftari."

Wakatazamana. Nilidhani watakataa.

Sheikh Saif akainuka. Mtu mkubwa, ndevu nyeupe mpaka kifuani. Akaja akainama mbele ya kiti changu kama mtu anayesalimia. Nikamnong'oneza. Zuwena binti Hamed. Rahma. Maryam. Asila binti Rashid. Hao ndio wanne walio hai.

Halafu nikamwambia, "Na Sharifa binti Ali bin Masoud, mama yako. Na Nunu binti Masoud. Hao niliwaosha mie."

Hakuinuka.

Nilidhani hakusikia. Nikataka kurudia. Kisha nikaona bega lake linacheza.

Akaniambia polepole, kwa ajili yangu tu, "Tangu alipokufa mama sijasikia mtu akilitaja jina lake."

Alirudi mahali pake, akaashiria kwa mkono kuwa mwengine aende.

Na wakaja, wakuu. Mmoja mmoja. Wakapanga mstari kama wanaopeana mkono wa Idi. Wazee wa fimbo na wanaume wa ofisini wenye simu mbili. Kila mmoja anainama, namnong'oneza, anarudi mahali pake. Jumba zima lile, ambalo hata msibani watu huzungumza, ulisikia vikombe tu. Mie nimekwenda Makka mara moja. Baada ya Makka sijaona kitu kilichonitia hofu ya Mungu moyoni kama mstari ule.

Wengine walinisahihisha, na walikuwa na haki. Mmoja aliniambia, "Umemsahau mdogo, katimiza umri wa kura juzi." Nikamshukuru nikamwongeza.

Alipofika Bwana Juma akainama akaninong'oneza yeye, "Bibi, na wa jirani je?"

"Wa jirani muulize jirani, mzee mzima huna haya!"

Jumba zima likapasuka kwa kicheko, hata wasiojua Kiswahili.

Wa mwisho alikuwa Bwana Humaid mwenyewe. Nikamwambia watu wake. Mkewe, dada yake, binti zake watatu. Halafu nikamwambia mama yake, Salima binti Nasib, yuko hai na afya njema alhamdulillahi, lakini kura yake iko Sinaw kwa kaka zake.

"Sinaw?"

"Ameona mwenyewe leo alasiri kwenye simu, kwangu. Amekataa kuhamisha, anasema wewe hukumuomba."

Humaid alisimama akajishika kiuno. Akawageukia wazee akasema kwa sauti, "Jamani, hata mama yangu simo kwenye hesabu yake!" Na akacheka kweli, mpaka machozi. Ndiyo maana nilisema sina neno baya juu yake.

Sheikh Saif alisubiri kicheko kikaisha. Akalifunga daftari. Hakulichana, hakulitupa, alilifunga tu akaliweka nyuma ya mto.

Akasema, "Tumewaahidi watu kura za watu tusiojua wako wapi. Binti wa Nasser asitoe jina lake. Sabla haimwambii atoe, wala haimwambii mtu ampigie nani. Kila mmoja ana simu yake na uso wake."

Ni hayo tu. Hakumpa Thuraya baraka, hakumwondoa Humaid. Nimeulizwa na watu, mbona umefurahi na hukupata kitu? Nimepata. Mjukuu wangu hakutoa jina.

Nilipomwambia Thuraya alikaa chini sakafuni, akaweka kichwa kwenye goti langu kama alivyokuwa akifanya zamani. Hakusema asante wala nini. Akasema, "Bibi, sasa naogopa kweli." Nikamwambia na mie pia.

Majina ya wagombea yalipotoka, nilikuwa sokoni na Salim nachagua ndimu. Simu za watu zikaanza kulia, kila mtu anasoma orodha. Mwenye duka la viungo akamuuliza Salim, bila ya nia mbaya, "Huyu mwanamke aliyemo ni nani?"

Nilimwona Salim anatazama huku na huku. Wanaume wamejaa. Nilijua atasema "ni wa jamaa zetu", maana ndivyo anavyosema siku zote, ndivyo baba yake alivyomlea na ndivyo mie nilivyomlea.

Akamgeukia mwenye duka.

"Huyo ni Thuraya binti Nasser bin Abdalla," akasema, na sauti yake ilifika mpaka kwa wauza samaki. "Mtoto wa ndugu yangu."

Nikaendelea kuchagua ndimu. Sikuwa naziona.

Atashinda? Sijui, na wenye kujua ni wachache. Humaid ana watu wengi na ni mtu mwema. Siku ya kura nitagusisha kadi yangu, nitatazama kioo, nitabonyeza, halafu nitakwenda kupika.

Nililojifunza nalisema kwa ufupi maana vidole vimechoka. Heshima ya kulifunika jina naielewa. Lakini jina likifunikwa mno, mwenyewe akiondoka hakuna atakayejua, na akiwepo hakuna atakayemuuliza. Mie nimeishi na desturi hiyo umri wangu wote na sikuliona hilo mpaka niliposomewa daftari.

Sasa nakuulizeni nyinyi wakuu, mlioko Maskati, Unguja, Mombasa, popote. Bibi yako mzaa mama anaitwa nani? Binti wa nani, bin nani?

Usijibu "bibi". Usijibu "mama fulani". Kama hujui, piga simu nyumbani uulize kabla aliyebaki anayejua hajaondoka, kisha rudi uliandike hapa chini. Nitayasoma yote, moja moja, kwa sauti.